Sumu za tumboni, na ile damu tuliyoiita bawasiri

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya wanafunzi wa maabara na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu niliporudia rudia.

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari zenu. Asanteni kwa kunikaribisha, najua wengine mmetoka mbali na jua ni kali, kwahiyo sizunguki, naingia kwenye kilichonileta.

Nataka tuongelee choo. Choo kikubwa, kinyesi. Nakitaja hivo hivo kwa sababu huu ni mwaka wangu wa 14 maabara, kila asubuhi napokea vikopo vya choo, na nimeona watu wanavyovileta: kikopo kimeviringishwa kwenye gazeti, gazeti liko ndani ya mfuko mweusi, mfuko uko ndani ya mkoba, anakiweka dirishani huku anaangalia pembeni. Damu yake anatoa bila shida, mkojo anakuja nao mkononi, ila choo anakileta kama kitu cha kuiba. Na hii aibu inaua watu, ndugu zangu, mi nimeiona inaua nyumbani kwetu.

Baba yangu mdogo alianza kuona damu chooni akiwa na miaka 41. Akaenda mahali akaambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka, akaambiwa ale mboga za majani anywe na maji mengi. Ikatulia, ikarudi. Akaenda pengine, bawasiri tena. Akanunua dawa ya mizizi kwa mtu wa stendi, akainywa miezi mitatu. Mwaka mmoja na nusu ukapita hivo, na katika muda wote huo hakuna hata mmoja aliyemwingiza kidole kumkagua, hakuna aliyeomba kipimo cha choo cha kitu kingine zaidi ya minyoo na amiba, alafu mimi niliyeko maabara sikuambiwa, kwa sababu ataanzaje kumwambia mtoto wa kaka yake habari za huko. Nilipokuja kujua alikuwa ameshakonda, suruali anaifunga kwa kamba ya kiatu. Kolonoskopi, ile kamera inayoingizwa nyuma kutazama utumbo mpana, ikaonyesha uvimbe upande wa kushoto umeziba karibu njia nzima, na ini limeshaingiliwa. Miezi saba baadaye tukamzika.

Tangu siku ile swali langu limekuwa moja: kwa nini mtu wa miaka 41? Sisi tulifundishwa darasani kwamba saratani ya utumbo mpana ni ya wazee, alafu zaidi ni ya Wazungu.

Na hayo mafundisho yana chimbuko lake hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alikuwa Mulago pale Kampala, ndo yule aliyeeleza mwaka 1958 ule uvimbe wa taya za watoto ambao mpaka leo unabeba jina lake. Baadaye akageukia tumbo. Mwaka 1971 akaandika kwamba saratani ya utumbo mpana ni nadra sana kwa Waafrika wa vijijini, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakachapisha vipimo vya choo chenyewe, yaani uzito wake na muda ambao chakula kinachukua kutoka mdomoni mpaka kinatoka. Mtu wa kijijini anayekula ugali wa dona, maharage, viazi na majani, choo chake kilikuwa kizito, laini, kinapita upesi. Mzungu wa mjini choo chake kidogo, kigumu, kinakaa humo siku kadhaa. Burkitt akasema makapi ya chakula ndo yanayotulinda.

Hakukosea. Mwaka 2015 watafiti waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakawabadilishia chakula kwa wiki mbili tu, huyu ale cha yule. Wiki mbili! Dalili za uvimbechungu, yaani kule kuvimba na kuwaka kwa ndani, kwenye utumbo wa Wamarekani zikashuka, za Waafrika Kusini zikapanda. Na kilichobadilika sana humo ndani ni bakteria na kazi wanazozifanya. Sasa kaa na hilo wazo, alafu fikiria chakula ambacho mtoto wa Dar au wa Nairobi anakula saivi, chipsi asubuhi mpaka jioni na soda. Ile kinga aliyoisema Burkitt tunaiuza wenyewe.

Lakini chakula peke yake hakikunitosha kama jibu, kwa sababu baba mdogo alikuwa mtu wa ugali na mlenda. Ndo nikakutana na habari ya sumu.

Tumboni mwetu kuna bakteria anaitwa E. koli, karibu kila mmoja hapa anaye, na wengi wao hawana neno. Mwaka 2006 watafiti wa Toulouse, Ufaransa, waligundua kwamba baadhi ya E. koli wana kipande cha ziada kwenye vinasaba vyao, kinaitwa kisiwa cha pks, na kile kisiwa ni kiwanda kamili cha kutengeneza sumu inayoitwa kolibaktini. Sumu hii inafanyaje kazi? Chukueni zipu. Vinasaba vya seli yako ni kama zipu ndefu, seli ikitaka kugawanyika lazima zipu ifunguke pande mbili. Kolibaktini inapita na uzi inashona upande huu na upande ule, inazishika pamoja. Seli inavuta zipu, haifunguki. Inalazimika kukata ili ijinasue, alafu inaunga palipokatika, na kuunga kwa haraka namna hiyo kunaacha makosa. Seli nyingi zinakufa hapo au zinapona, ila ikitokea kosa limeangukia kwenye jeni kama APC, ambayo ndo breki ya kwanza ya seli za utumbo, umeanza safari ya miaka mingi ya kuelekea kwenye uvimbe.

Sasa hapa ndo paliponifanya nisilale. Makosa yale hayakai ovyo ovyo. Mnajua fundi cherehani wa mtaani, ukipewa nguo kumi unaweza kusema hii kashona fulani, unamjua kwa mshono wake? Mwaka 2020 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliotesha maabara vijiutumbo vidogo kutoka kwenye seli za binadamu, vidogo kama chembe ya mchanga, wakawadunga ndani yake hao E. koli wenye kisiwa, wakarudia rudia kwa miezi 5. Alafu wakasoma vinasaba. Wakaukuta mshono, mpangilio maalum wa makosa ambao kwenye orodha za kimataifa unaitwa SBS88, na mwenzake ID18. Wakaenda kutazama vinasaba vya vivimbe vya wagonjwa halisi, wakaukuta ule ule. Fundi amejulikana.

Na alipita lini? Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walisoma seli za utumbo za watu, seli nzima zisizo na saratani, wakaona baadhi zimebeba mshono huo na dalili zinaonyesha uliingia utotoni. Alafu Aprili 2025 ikatoka kazi kubwa kwenye jarida la Nature, wamesoma vinasaba vyote vya saratani za utumbo mpana kutoka kwa wagonjwa 981 wa nchi 11. Waliougua kabla ya miaka 40, mshono wa kolibaktini ulionekana kwao mara 3.3 zaidi kuliko waliougua baada ya miaka 70. Na hesabu yao inaonyesha sumu ilianza kupiga ndani ya miaka 10 ya kwanza ya maisha. Mtoto wa darasa la pili anacheza rede hapo nje, na kwenye utumbo wake pengine kuna kovu ambalo halina maumivu, halitoi damu, halijulikani na mtu.

Zile nchi 11 nimezitazama moja moja. Kanada, Brazil, Argentina, Kolombia, Japani, Thailand, Iran, Urusi, Poland, Serbia, Cheki. Nikarudia kusoma labda nimeruka. Afrika haipo. Hata moja. Bara ambalo Burkitt alipimia choo miaka hamsini na zaidi iliyopita, leo kwenye ramani hii ni jeupe. Iliniuma na mpaka leo inaniuma, kwa sababu hatuwezi kusema sumu hii ni tatizo letu wala hatuwezi kusema si letu.

Kuna bakteria wa pili, Bakteroidesi frajilisi. Huyu sumu yake ilijulikana kwa wanakondoo waliokuwa wanaharisha huko Montana, Marekani, mwaka 1984. Wengi wa jamii yake ni wakaaji wema tu wa tumbo, ila wenye sumu wanatoa enzaimu inayokata ile protini inayoshikanisha seli na seli, E-kadherini, kama mtu anayechokoa saruji kati ya tofali. Cynthia Sears wa Johns Hopkins kule Baltimore na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba panya waliokuwa tayari na udhaifu wa APC wakipewa bakteria huyu wanajaa vivimbe. Mwaka 2018 wakawatazama watu wa zile familia zinazorithi vivimbe mamia kwa mamia kwenye utumbo, wakakuta bakteria wote wawili, huyu na E. koli wa kolibaktini, wamejibandika pamoja kwenye utando juu ya ngozi ya ndani ya utumbo. Mmoja anakula ute unaotulinda, mwenzake anapata njia ya kuzifikia seli. Yupo na Kampilobakta, yule anayewaharisha watu wakila kuku wasioiva vizuri, naye ana sumu yake inayokata vinasaba, lakini ushahidi mwingi kwake bado ni wa panya kwahiyo simsemi sana leo.

Haya, tuje kwenye vipimo, maana ndo kazi yetu.

Hiki nilichoshika ni kichupa cha FIT, kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo. Kipitisheni mkono kwa mkono, ni kipya. Kidogo kama kidole. Ukizungusha mfuniko unatoka na kijiti, angalieni ncha yake ina mikunjo kama skrubu. Unachoma choo sehemu sita saba tofauti, unarudisha kijiti ndani, pale mdomoni kuna mpira unakwangua cha ziada, kinachobaki kwenye mikunjo ni kidogo kuliko punje ya mchele. Unatikisa. Basi. Kinatafuta damu ya binadamu, hata usiyoiona kwa macho, na tofauti na kile kipimo cha zamani mgonjwa haambiwi asile nyama siku tatu. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kinaishika saratani iliyopo karibu mara 79 kwa 100. Kwa kichupa kama hiki ni kazi kubwa mno na naomba msikidharau.

Udhaifu wake uko kwenye vivimbe vidogo ambavyo bado havijawa saratani. Vile mara nyingi havitoi damu, na ndo ambavyo tungetaka kuvikuta maana daktari anavikata na waya siku hiyo hiyo mtu anarudi nyumbani. FIT inasubiri damu. Sumu haisubiri damu, ilishapita miaka mingi nyuma, ndo maana watu wanauliza, je, tukitafuta alama ya sumu kwenye choo hicho hicho tutawahi?

Kolibaktini yenyewe hutaipima. Haitulii, ikitengenezwa inavunjika, wanakemia walihangaika miaka na miaka mpaka wakaja kuujua umbo lake mwaka 2019. Kwahiyo kinachotafutwa ni jeni za kiwanda, zile za kisiwa cha pks, kwa PCR, kile kipimo kinachonakili kipande cha vinasaba mpaka kionekane, neno ambalo tangu corona hata bibi yangu analijua. Na watafiti wameonyesha kwamba kimiminika kinachobaki kwenye kichupa cha FIT baada ya kupima damu kinaweza kutumika kusoma bakteria. Yaani mgonjwa haji mara ya pili, havui aibu mara mbili.

Ila nisikilizeni vizuri hapa, hasa nyie vijana ambao kesho mtaandika kwenye grupu za WhatsApp kwamba kimepatikana kipimo. Utafiti wa 2012 ulikuta kisiwa cha pks kwa karibu theluthi mbili ya wenye saratani, na kwa wazima karibu mmoja kati ya watano. Mmoja kati ya watano! Tufanye mfano, tuwapime watu 1,000 hapa mtaani na tuseme watano wana saratani. Tutawakamata watatu, tutawakosa wawili, na tutawatia hofu watu kama 200 ambao hawana chochote. Kuna E. koli mmoja alitolewa kwenye choo cha askari wa Kijerumani vita ya kwanza, mwaka 1917, na Alfred Nissle, kwa sababu yule askari hakuharisha wakati wenzake wanaharisha, na mpaka leo bakteria yule anauzwa kama dawa ya tumbo. Naye ana kisiwa cha pks. Kuwa na jeni siyo kuwa na ugonjwa. Alafu kuna upande wa pili mgumu zaidi, mtu wa miaka 45 anaweza asiwe na bakteria huyo tena, ameshahama, na kovu limebaki.

Kwahiyo mi naona matumaini yako sehemu mbili. Ya kwanza, alama ya sumu iwekwe pamoja na FIT na umri, isaidie kupanga foleni. Hapa kwetu hospitali zenye kolonoskopi zinahesabika, madaktari wa kuitumia wanahesabika, sasa ukiwa na watu 60 na nafasi 10 unaanza na nani? Hapo ndo jeni ya sumu inaweza kuongeza uzito, huyu ana damu kidogo na ana pks na ana frajilisi mwenye sumu, apite mbele. Ya pili, tutafute mshono wenyewe, yaani vinasaba vya seli za mgonjwa zinazobanduka na kutoka na choo. Tayari Marekani tangu 2014 kuna kipimo kilichoruhusiwa kinachosoma vinasaba vya binadamu kwenye choo pamoja na damu, hivo njia ipo, ila kusoma mshono wa kolibaktini kwa namna hiyo bado ni kazi ya watafiti, hakuna hospitali itakayokufanyia wiki ijayo.

Na msiniambie haiwezekani. Leo kipimo cha H. pylori mnakifanya kila kliniki, si ndiyo? Barry Marshall na Robin Warren waliposema kule Perth mwaka 1982 kwamba vidonda vya tumbo vinatokana na bakteria, wengi hawakuwasikiliza. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya saratani likamweka kwenye kundi la visababishi vya uhakika vya saratani, 2005 Marshall na Warren wakapewa Nobel, na sasa mama wa sokoni anajua kutamka pailori. Ilichukua muda, na ilichukua watu wa maabara waliokuwa wanatazama kwenye darubini bila kuchoka.

Wazazi wangu, nyie hamna haja ya kukumbuka SBS wala nini. Ila kama unaona damu chooni na umeambiwa bawasiri bila mtu kukukagua, rudi uombe kukaguliwa. Mtu anaweza kuwa na bawasiri na akawa na saratani kwa pamoja, moja haifukuzi nyingine. Ukiona choo kimebadilika wiki kadhaa, kimekuwa chembamba, au unaharisha na kufunga choo kwa zamu, au mwanaume mtu mzima unaambiwa huna damu ya kutosha na hakuna aliyejua inapotea wapi, uliza habari ya FIT, uliza kolonoskopi. Marekani walikuwa wanaanza kupima watu wazima wasio na dalili wakiwa na miaka 50, mwaka 2021 wakashusha mpaka 45 kwa sababu vijana wanaugua. Baba mdogo wala asingefika. Na tafadhali msinywe antibayotiki kuua hao bakteria, wala hizo dawa za kusafisha tumbo, utaua waliokuwa wanakulinda na huyo mwenye sumu hutajua kama ametoka.

Nyie wanafunzi nina ombi moja. Popote mtakapoajiriwa mtakuta friji, na kwenye friji sampuli zinazotupwa kila Ijumaa. Kabla hazijatupwa ulizeni kama kuna kibali cha kuzihifadhi, ulizeni fomu ya ridhaa iko wapi, na kama haipo muulizeni mkuu wenu kwa nini. Ule utafiti wa nchi 11 haukuokota sampuli barabarani, kuna mtu wa maabara mahali fulani aliandika namba, tarehe na umri kwa mwandiko unaosomeka.

Kipande cha uvimbe wa baba mdogo bado kipo. Kimegandishwa kwenye nta, kimraba cha ukubwa wa ukucha, kina namba ya penseli pembeni, nilikiona mwezi wa tatu kwenye droo, cha nne kutoka kushoto. Mke wake, mama mdogo, alishasaini kwamba kikipatikana chombo na mtu wa kukisoma, kisomwe. Ana watoto wawili, mkubwa ana miaka 19, na ananiuliza kila tukionana kama wameshaangalia. Namwambia bado.

Nashukuru sana kwa kunisikiliza. Kile kichupa naomba kirudi mbele, alafu tuchukue maswali.